Koti la Ofisa wa Kijerumani Husomwa Kuanzia Bitana

Ukiletewa koti la ofisa wa jeshi la Ujerumani la zama za vita, usianze kifuani. Kifuani ndiko muuzaji anakotaka macho yako yatue: pana tai aliyedariziwa kwa nyuzi za rangi ya fedha, pana utepe wa nishani, na juu yake mabega yanang'aa. Fungua vifungo, lipindue, ulilaze mezani bitana ikitazama juu. Nembo hufumuliwa na kushonwa nyingine ndani ya nusu saa. Kitambaa, mishono, bitana na jasho la aliyelivaa haviigiziki upesi hivyo.

Nazungumza kama mtu aliyeshika sindano kabla ya kushika kitabu chochote cha sare. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa na desturi ambayo hakuivunja hata siku moja: mteja akileta suti ya kurekebishwa, aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mishono yote, ndipo akataja bei. Mteja akianza kueleza suti ilinunuliwa wapi na kwa kiasi gani, alimjibu kwamba suti itasema yenyewe. Desturi hiyo imenisaidia kwenye makoti ya Wajerumani kuliko maelezo ya wauzaji wote niliowahi kukutana nao.

Hapa nitashughulika zaidi na koti la ofisa wa Jeshi la Nchi Kavu la kati ya 1935 na 1945. Linaonekana sana kwenye minada ya Ulaya na Marekani, linatafutwa sana, na kwa hiyo linaghushiwa sana. Koti la jeshi la kikoloni lililopigana Afrika Mashariki nitaligusa baadaye, maana lina mambo yake.

Ofisa alijinunulia

Askari wa kawaida alipewa koti; ofisa alikwenda kwa fundi. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kazi nzima. Koti la askari lilitoka kiwandani likapitia ghala la jeshi, na ndani yake lilipigwa muhuri: namba tano za vipimo vya shingo, kifua, mgongo, urefu wa koti na urefu wa mkono, pamoja na herufi ya mji wa ghala na mwaka. Ukiona E 38, hiyo ni Erfurt 1938; ukiona M 40, hiyo ni München 1940. Vita vilipopamba moto, jina la kiwanda likaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na namba ya usajili.

Koti la ofisa kwa kawaida halina mihuri hiyo. Lilikatwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja, kwa sufu laini kuliko ya askari, na bitana ya pamba au rayoni inayoteleza. Mara nyingi mikono ina bitana yake ya peke yake, nyeupe yenye mistari myembamba, kama ya suti ya kiraia. Wala si ajabu: fundi aliyelishona aliwashonea pia mawakili na madaktari wa mji wake. Basi tafuta mkono wa fundi wa suti. Bana kifua kwa vidole viwili, kitambaa cha juu kwa kidole kimoja na bitana kwa kingine, uvisuguanishe. Katikati utahisi tabaka la tatu, gumu kidogo na lenye uhai, linalokifanya kifua kisimame bila kuvaliwa na mtu. Koti la kuigiza la bei rahisi halina tabaka hilo, au lina kitambaa kilichogandishwa kwa gundi na pasi, ambacho ukikibana kinajikunja kama karatasi.

Kisha tia mkono kwenye mfuko wa ndani wa kifua. Humo ndimo fundi alimoshona lebo yake: jina la duka, mji, na chini yake nafasi ya jina la mteja na tarehe, kwa wino au kwa mashine ya chapa. Lebo yenye jina huongeza thamani ya koti kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo hupachikwa na walaghai pia. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Kitambaa cha mfuko kikiwa kimechakaa na kupauka, lebo nayo iwe imechakaa na kupauka vivyo hivyo. Uzi ulioishika uwe na umri wa nyuzi za mfuko. Inyanyue pembeni bila kuifumua, uone kama kitambaa kilichofichwa chini yake kimebaki na rangi yake ya asili. Kikiwa na rangi ileile ya mfuko uliopauka, lebo imehamia hapo juzijuzi.

Lebo ya zamani kuliko cheo kilicho mabegani isikutishe. Mtu aliyekuwa Luteni Usu mwaka 1937 angeweza kuwa Meja kufikia 1943, na alichobadilisha ni mabega tu, koti likabaki lilelile. Kinachotakiwa ni jina na tarehe viweze kufuatiliwa. Nyaraka za kijeshi za Ujerumani zinatunzwa na Bundesarchiv, ambayo tawi lake la kijeshi liko Freiburg. Ofisi ya Berlin iliyokuwa ikiweka kumbukumbu za askari wa vita hivyo, iliyojulikana kwa miaka mingi kama WASt, nayo ilimezwa na Bundesarchiv Januari 2019. Kwa maofisa wa Prussia wa enzi ya Kaisari mambo ni magumu zaidi, kwa sababu ghala la nyaraka za jeshi la Potsdam liliungua kwa mabomu Aprili 1945. Muuzaji akikuhakikishia kwamba jalada la ofisa wa Prussia wa 1914 limethibitishwa lote, mwambie akuonyeshe.

Kuna jambo moja la kukuzuia usihukumu haraka. Mwishoni mwa 1939 maofisa wa mstari wa mbele waliamriwa kuvaa koti la askari wa kawaida, ili adui asiwachague kwa urahisi. Wengi walichukua koti la ghala, wakalipeleka kwa fundi, likawekewa ukosi wa kijani iliyokolea na mikono ya kukunjia nje. Koti la namna hiyo lina mihuri ya ghala na bado ni la ofisa halali kabisa. Swali lako liwe moja: je, marekebisho haya ni ya zamani kama koti lenyewe?

Rangi lazima zikubaliane

Yako makoti mawili makuu. La kwanza ni la gwaride, ambalo kwenye orodha za minada utalikuta kwa jina la Waffenrock. Lilianza kutumika mwaka 1935: vifungo vinane mbele, halina mifuko ya nje, limebana kiuno. La pili ni la kazi, yaani Feldbluse: mifuko minne ya nje, vifungo vitano au sita, ukosi wa kijani iliyokolea, na kwa ofisa mikono imekunjiwa nje kwa upana wa kiganja. Hili la pili lina sura nyingi, kwa sababu kila fundi alikuwa na mkono wake. La kwanza ndilo la kujifunzia, maana linajisema waziwazi.

Koti la gwaride lina rangi ya kikosi mahali panne: mstari mwembamba wa rangi uliobanwa ndani ya mshono, ukishuka mbele na kuzunguka mikono, kitambaa kilicho chini ya kamba za mabega, kitambaa cha vipande vya ukosini, na kitambaa cha vipande vya mikononi. Nyeupe ni askari wa miguu. Nyekundu ni mizinga. Manjano ya dhahabu ni wapanda farasi, manjano ya limau ni mawasiliano, nyeusi ni wahandisi wa vita, kijani hafifu ni askari wa milimani, buluu ni matabibu, na waridi ni vifaru pamoja na vikosi vya kupambana na vifaru. Sehemu zote nne zinapaswa kusema rangi moja.

Nilisimama siku moja mbele ya meza kwenye soko la vitu vya kale huko Berlin. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye mti, mabega yake yana kitambaa cha waridi, ukosi una waridi, na bei yake ilikuwa ya koti la ofisa wa vifaru. Nikaomba nilishike. Mstari wa mbele ulikuwa na weupe uliochafuka. Muuzaji akasema waridi hupauka, na kweli hupauka. Nikakunjua ukingo wa chini, pale ambapo mstari unaingia chini ya pindo na jua halifiki kamwe. Palikuwa peupe kama maziwa. Hakuna waridi iliyowahi kuwa pale. Lilikuwa koti la ofisa wa miguu, halali na zuri, lililovishwa mabega na ukosi wa mtu mwingine ili bei ipande. Kubadilisha mabega na vipande vya ukosi ni kazi ya asubuhi moja, lakini kubadilisha mstari ni kufumua koti zima, na mlaghai huogopa kazi hiyo. Kwa hiyo mstari ndio shahidi wako. Mengine yote yaulize kama yanakubaliana nao.

Vyeo vya mabegani havisumbui ukishavizoea. Luteni Usu, Luteni na Kapteni wana kamba za rangi ya fedha zilizolala sambamba: Luteni Usu hana nyota, Luteni anayo moja, Kapteni anazo mbili. Meja, Luteni Kanali na Kanali wana kamba zilizosukwa, kwa hesabu ileile ya hakuna, moja na mbili. Nyota ni za rangi ya dhahabu. Majenerali husukiwa dhahabu na fedha juu ya kitambaa chekundu, na nakushauri usinunue koti la jenerali mpaka umeshika makoti hamsini ya wadogo wake.

Angalia pia tai amekaa wapi. Kwenye Jeshi la Nchi Kavu hukaa juu ya mfuko wa kulia wa kifua. Kwenye Jeshi la Anga naye hukaa kulia, lakini umbo lake ni la ndege arukaye na kitambaa cha koti ni kijivu cha samawati. Kwenye Waffen-SS, tawi la kijeshi la SS ya chama cha Kinazi, hukaa mkono wa kushoto, karibu na bega.

Koti la Ujerumani Mashariki

Koti langu la kwanza nililinunua kwa barua, kwa picha sita, zote za nje. Lilikuwa na kila kitu: tai, mabega ya Kapteni, vipande vya ukosi vyenye mistari miwili miwili ya fedha, na barua ya muuzaji kwamba limetoka kwa familia. Lilipofika nililipindua, nikaona herufi ndogo na namba kwenye bitana: g 48. Sikujua maana yake. Nilijua baada ya miezi kadhaa, na ilinichoma.

Ujerumani Mashariki ilipounda jeshi lake mwaka 1956, sare zake zilifuata mkato wa zamani kwa ukaribu wa kushangaza, pamoja na mistari ya fedha ukosini na vifungo vyenye vipele. Jeshi hilo lilipovunjwa mwaka 1990, makoti mengi yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Ondoa mabega, weka mengine, shona tai, na kwa mtu asiyezoea umepata ofisa wa 1940. Herufi kama g, m au k zikifuatwa na namba ya ukubwa ni alama za vipimo vya jeshi hilo. Rangi ya kitambaa chake ni kijivu cha jiwe, isiyo na ule ukijani unaojificha ndani ya kijivu cha makoti ya vita. Tangu siku hiyo sinunui koti kwa picha mpaka niletewe nne za ziada: bitana yote, mfuko wa ndani, chini ya ukosi, na mgongo wa kifungo kimoja. Anayekataa kuzipiga amekwisha kunijibu.

Makoti ya aina hiyo si ya kitapeli yote. Kampuni za filamu na majumba ya maigizo yaligeuza sare nyingi kwa kazi zao halali, na mara kwa mara utakuta muhuri wa ghala la mavazi ndani ya kiuno. Hayo nayo yana historia yake, ila bei yake ni nyingine.

Mwanga na moto

Taa ndogo ya urujuanimno inayotumika kukagua noti inatosha. Zima taa za chumba, uimulike kwenye mishono, nyuzi za nembo na bitana. Dawa za kung'arisha nguo zilienea kwenye viwanda vya vitambaa na kwenye sabuni za unga baada ya vita, nazo chini ya taa hiyo huwaka kwa weupe wa buluu. Uzi ulioshika tai ukiwaka kama taa ya dukani huku koti limetulia gizani, tai ameshonwa baadaye. Lakini tahadhari: koti halali lililofuliwa kwa sabuni ya kisasa nalo litawaka, tena lote. Ndiyo maana unatafuta tofauti kati ya sehemu na sehemu. Mwako wenyewe peke yake haukuambii kitu.

Kipimo cha moto ni cha mwisho, na kifanyike kwa idhini ya mwenye koti. Chomoa uzi mmoja wa sentimita mbili kutoka ndani ya mshono, usichomoe mahali panapoonekana. Ushike kwa kibano, usogeze kwenye ulimi wa moto wa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na jivu lake husagika kwa kidole. Pamba na rayoni hunuka karatasi na kuacha majivu mepesi. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu kisichosagika. Poliesta ilipatiwa hataza Uingereza mwaka 1941 na ikafika madukani katika miaka ya 1950, kwa hiyo haikuwa na njia ya kufika kwenye cherehani ya fundi wa Dresden mwaka 1938. Ukikuta kishanga kwenye uzi wa mshono mkuu, lifunge koti uage kwa heshima. Ukikikuta kwenye uzi wa kifungo kimoja tu, huenda mjane alikishona upya mwaka 1965.

Vivuli na vitanzi

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa koti linakumbuka lenyewe. Kitambaa cha sufu kilichovaliwa juani hupauka, na kila kilichofunikwa hubaki na rangi yake. Inua kamba ya bega kidogo. Chini yake panapaswa kuwa na kivuli chenye umbo la kamba ile ile. Kivuli kikiwa kipana kuliko kamba, kamba ni ngeni. Mzunguko wa tai nao uwe hivyo, na nywele za kitambaa chini yake ziwe zimelala kwa miaka. Baada ya vita tai wengi waling'olewa ili koti liendelee kuvaliwa bila alama ya Wanazi, kisha wakarudishwa na wafanyabiashara. Utaona safu mbili za matundu ya sindano: za zamani zilizoanza kujifunga, na mpya zilizo wazi.

Pitisha mkono ndani ya koti nyuma ya tai. Fundi aliyeshona koti jipya alimweka tai kabla ya kufunga bitana, hivyo nyuzi haziingii kwenye bitana. Nyuzi zilizotoboa hadi bitana zinasema nembo ilikuja koti likiwa limekwisha. Huenda ilikuja 1941, huenda ilikuja mwaka jana. Hapo rudi kwenye taa na kivuli.

Sasa shuka upande wa kushoto wa kifua. Juu ya mfuko na juu ya kifuniko chake tafuta vitanzi vidogo vya uzi vilivyoshonwa kwa mkono, ambamo pini za nishani zilipita. Muuzaji atakuwa ameweka Msalaba wa Chuma wa Daraja la Kwanza kwenye koti ili kulipamba. Utoe. Nishani hainunuliwi pamoja na koti mpaka vitanzi vikubali. Umbali wa kitanzi na kitanzi ulingane na urefu wa pini, na kitambaa kati yao kiwe na mikwaruzo au kivuli. Utepe wa Daraja la Pili ulipita kwenye tundu la kifungo cha pili, basi tazama kama ukingo wa tundu hilo umechakaa kuliko mengine. Vitanzi vya zamani visivyo na nishani yoyote ni bora kuliko nishani nzuri juu ya kitambaa kisichojua pini.

Uchakavu lazima uwe na akili. Mtu hukaa, huegemea, huandika, hufunga mkanda. Ndani ya ukosi pawe na mafuta na jasho, na aghalabu vifungo vidogo vya kushikia kola nyeupe iliyokuwa ikitolewa kufuliwa. Viwiko ving'ae kidogo. Pale mkanda ulipopita, nyuzi zilale. Koti lililosuguliwa kwa msasa ili lizeeke huwa limechakaa mahali ambapo mwili haugusi kitu, kwa mfano katikati ya mgongo wa juu, huku ndani ya ukosi ni safi kama jana.

Vifungo vinashughulikiwa upesi: vipindue uone mgongo. Viwe vya metali, vya zama moja, mara nyingi vikiwa na jina au alama ya mtengenezaji. Kimoja kikitofautiana si kosa. Vyote vikiwa vipya ni kosa.

Hadithi na sheria

Hadithi ya muuzaji isikilize kwa adabu, uiandike, kisha ulipie kile tu kilichoko mezani. Barua yenye jina lililo ndani ya koti, picha ya mwenye koti akiwa amelivaa, daftari la malipo la jeshi, hivi ni vitu. "Alikuwa babu wa jirani" si kitu.

Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani alama za Kinazi, na ndiyo maana kwenye katalogi za minada yao utaona swastika imefunikwa. Austria nayo ina sheria yake kali tangu 1947. Uliza sheria ya nchi unakonunulia na unakopeleka kabla ya kulipa, usiulize mzigo ukiwa forodhani.

Na tuseme jambo hili bila kuzunguka. Jeshi lililovaa makoti haya liliivamia Poland mwaka 1939 na Umoja wa Kisovieti mwaka 1941, na lilishiriki katika mauaji ya raia, Wayahudi na mateka. Mkusanyaji anayeandika kwenye kadi yake "Luteni wa miguu" bila kuandika kikosi kilikuwa wapi, mwaka gani, na kilifanya nini huko, amehifadhi sufu na kuipoteza historia. Kadi ya koti iwe na mambo hayo, hata yakiwa ya kutia uchungu.

Koti lililokuja Afrika Mashariki

Sasa la upande wetu. Jeshi la kikoloni la Wajerumani, Schutztruppe, liliundwa kisheria mwaka 1891 likarithi kikosi cha kamishna wa Kijerumani, Wissmann. Maofisa wake walikuwa na sare ya nyumbani ya sufu ya kijivu, ambayo ukosi na mikono yake ilipambwa kwa rangi ya koloni: nyeupe kwa Afrika Mashariki, buluu kwa Afrika Kusini Magharibi, nyekundu kwa Kamerun. Huku kwenyewe walivaa kaki na nguo nyeupe za pamba. Koti la sufu ya kijivu lenye ukosi mweupe kwa hiyo huenda halikuwahi kuvuka bahari. Muuzaji akikwambia lilipigana Tanga mwaka 1914, muulize lilivaliwaje kwenye joto lile.

Koti la pamba la miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia ni adimu zaidi na ni gumu zaidi kulihukumu, kwa sababu Waingereza walifunga bahari. Meli ya Kijerumani ya Marie iliyofika Sudi, karibu na Lindi, Machi 1916 ilileta mizigo michache tu ukilinganisha na mahitaji. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe katika vita hivyo, alieleza katika kumbukumbu zake za 1920 jinsi pamba ilivyosokotwa na kufumwa kwa mikono humu humu nchini, na kutiwa rangi kwa gome la mti uitwao ndaa, ambalo lilitoa hudhurungi ya manjano isiyoonekana nyasini. Kwa koti kama hilo vipimo vya Berlin havifanyi kazi. Ufumaji usio sawasawa, rangi yenye mabaka, vifungo vya kuokoteza: kwenye koti la ofisa wa Dresden hizo ni dosari, na kwenye koti la vita vilivyoishia Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 1918, zaweza kuwa ushahidi. Nalo liandikiwe kadi kamili. Jeshi hilo hilo lilichoma mashamba na maghala ya chakula wakati wa vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, na waliokufa kwa njaa iliyofuata walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Koti lolote kati ya haya ukishalinunua, usilifue. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uligandishe kwenye friza kwa wiki mbili ili kuua nondo na mayai yao, kisha liache mfukoni mpaka lirudi kwenye joto la chumba. Lilaze kwenye sanduku, mikunjo yake ikiwa imejazwa karatasi laini isiyo na asidi, mahali pakavu na penye giza. Kwa walio Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, unyevu wa pwani utalimaliza kuliko nondo: chumba chenye kiyoyozi si anasa hapo.

Na ikiwa kwenye kasha la bibi au babu kuna shati au koti la pamba nzito la hudhurungi ambalo wazee husema ni la wakati wa Mjerumani, lisifuliwe, lisipigwe pasi, lisishonwe palipochanika. Lipige picha nje na ndani, andika maneno ya mzee kama anavyoyasema, pamoja na jina lake na tarehe, kisha uwaonyeshe watu wa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam au Makumbusho ya Majimaji Songea kabla dalali hajalifikia.